Hati ni ya Serikali, Sasa Fedha Zimekwenda Wapi? Kisa cha Horatio Bottomley

Wiki iliyopita nilipeleka suruali ikapunguzwe kwa mama mmoja fundi cherehani wa mtaani kwetu. Salamu hazijaisha vizuri akaniwahi.

"Hebu nisaidie mwanangu, wewe unayesoma magazeti. Hizi hati fungani ni za serikali au si za serikali?"

"Ni za serikali, mama."

"Na serikali haiwezi kufunga duka ikahama usiku?"

"Haiwezi."

"Sasa watu wanaibiwaje?"

Yeye na wenzake wako kwenye kikundi kinachochanga kidogo kidogo ili wanunue hati fungani kwa pamoja. Halafu amesikia habari za watu waliolizwa kwenye vikundi vya aina hiyo, na usingizi umepungua. Nilitaka kumjibu pale pale, nikagundua jibu ni refu kuliko suruali yangu. Tumezoea kudhani kwamba ili mtu atapeliwe lazima pawe na kitu cha bandia katikati: dhahabu ya bandia, noti ya bandia, kiwanja ambacho hakipo. Kumbe kila kitu kinaweza kuwa halali, mhuri wa serikali upo, riba inalipwa kwa wakati, na bado ukabaki na karatasi tupu.

Mfano bora wa jambo hili ninaoujua ulitokea London zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mhusika wake alikuwa mwandishi na mchapishaji wa magazeti, mwenyekiti wa kwanza wa gazeti la Financial Times, mbunge, na kwa kipindi fulani mmoja wa watu waliopendwa sana Uingereza. Aliitwa Horatio Bottomley.

Kabla ya yote, maneno matatu.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Ukinunua hisa umeingia ubia: kampuni ikipata faida unaweza kupewa gawio, ikifa unazika nao. Hati fungani, ambayo Wakenya wengi huiita dhamana ya serikali, ni mkopo. Wewe ndiye mkopeshaji. Serikali inakulipa riba kila kipindi, na siku ya mwisho inakurudishia fedha zako. Neno la tatu ni mdhamini, yaani mtu anayeshika mali kwa niaba ya wenye mali. Wacheza upatu wa Tanzania wana neno zuri zaidi kwa kazi hiyo: kijumbe. Kijumbe anakusanya, anaandika daftarini, anampelekea mwenye zamu. Fedha zote zinapita mkononi mwake na hata shilingi moja si yake. Lishike hilo la kijumbe, tutalihitaji.

Bottomley alizaliwa mwaka 1860 Bethnal Green, mashariki mwa London, eneo la watu wa kipato cha chini. Baba yake alifanya kazi kwa mshona nguo. Kabla hajamaliza utoto wazazi wote wawili walikuwa wamekufa, akapelekwa kwenye nyumba ya yatima ya Josiah Mason karibu na Birmingham. Alipofika miaka 14 akatoka, akarudi London, akawa mtu wa kutumwa huku na kule, kisha karani kwa wakili. Jambo lililombadilisha ni kujifunza hati mkato, ule mwandiko wa haraka wa kunakili maneno jinsi yanavyosemwa. Akaajiriwa kunakili mashauri mahakamani.

Hebu mfikirie kijana huyo: ameketi siku nzima, kalamu mkononi, anaandika kila neno la wakili, kila neno la jaji, na kila neno la tapeli anayejitetea. Anaona hoja ipi inawagusa wazee wa baraza na ipi inawachosha. Watu hulipia ada kubwa chuoni kupata elimu hiyo. Yeye alilipwa mshahara aipate.

Kutoka kwenye hati mkato aliingia kwenye uchapishaji. Mwaka 1884 alianza kuchapisha kumbukumbu za mijadala ya bunge la mtaa wa Hackney, kikundi cha wananchi waliopenda kuigiza Bunge. Yakafuata majarida mengine madogo. Hapo ndipo tunaingia kwenye magazeti ya fedha, na hapa nitatulia kidogo, maana bila kuelewa magazeti hayo hutaelewa kilichofuata.

Katikati ya karne ya 19 sheria za Uingereza zilirahisisha mno kuanzisha kampuni na kuuza hisa kwa umma. Zamani wawekezaji walikuwa matajiri waliofahamiana. Sasa wakaingia makarani, walimu, wajane, wachungaji, maofisa wastaafu, watu wenye akiba ya miaka mingi na wasiojua chochote kuhusu mgodi ulioko upande wa pili wa dunia. Wangejuaje kama kampuni ni nzuri? Wangesoma gazeti. Mwaka 1884 Harry Marks alianzisha Financial News. Januari 1888 James Sheridan akatoa gazeti lililoitwa London Financial Guide, na mwezi mmoja baadaye likabadilishwa jina kuwa Financial Times.

Kazi ya gazeti la namna hiyo ni kumfumbua macho msomaji. Lakini kwetu pale stendi kuna kazi nyingine inayofanana nayo ukiitazama kwa mbali: kupiga debe. Mpiga debe naye anakupa taarifa. Anakwambia basi linakwenda wapi, nauli ni kiasi gani, na kwamba linaondoka sasa hivi, imebaki siti moja tu. Unaingia, unakuta abiria watatu na dereva hajaamka. Magazeti mengi ya fedha ya wakati ule yalipiga debe kwa malipo: kampuni ilinunua tangazo, na habari ya kuisifu ikatokea ukurasa wa pili. Hayo yalikuwa mabaya ya kawaida. Kibaya zaidi ni pale mpiga debe, mwenye basi na mkata tiketi wanapokuwa mtu mmoja, na abiria hajui.

Utakutana na watu wanaosema Financial Times ilianzishwa na tapeli. Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inalionea gazeti. Sheridan ndiye aliyelianza. Bottomley alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa kampuni yake, na hakukaa sana. Gazeti lenyewe lilianza kuchapishwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi mwaka 1893 ili litofautiane na wapinzani, likaungana na Financial News mwaka 1945, na tangu 2015 linamilikiwa na kampuni ya Nikkei ya Japani. Heshima lililonayo leo ilijengwa na watu wengine kabisa.

Bottomley aliondoka kwenda kutafuta kikubwa zaidi. Mwaka 1889 akauza kwa umma hisa za Hansard Union, kampuni yenye mtaji uliotangazwa wa pauni 500,000. Jina Hansard si geni kwetu. Bunge la Dodoma na lile la Nairobi bado wanaita hivyo kumbukumbu za vikao vyao. Kampuni ilikuwa na zabuni ya kuchapisha mijadala ya Bunge la Uingereza, na ilitaka kununua viwanda kadhaa vya uchapaji ili iwe jitu la biashara hiyo.

Mchezo ulikuwa katika kununua. Chukua mfano wa kikoba cha wanawake 30 wanaotaka kiwanja. Mwenyekiti anamtuma shemeji yake anunue kiwanja kwa milioni 5. Wiki inayofuata anakiambia kikundi kwamba amepata kiwanja kizuri sana kwa milioni 12. Kikundi kinalipa, kiwanja kipo, hati ipo, hakuna cha bandia. Ni ile milioni 7 tu ambayo imelala kwa shemeji. Viwanda vya uchapaji vilinunuliwa kupitia watu wa kati kwa bei moja na kuuzwa kwa Hansard Union kwa bei nyingine. Kufikia 1891 kampuni ilikuwa imeanguka na Bottomley mwenyewe amefilisika.

Mwaka 1893 akashtakiwa kwa kula njama ya kulaghai. Hakuweka wakili. Yule mnakili wa hati mkato alisimama kizimbani akajitetea mwenyewe, akawahoji mashahidi, akaiburuza serikali, akaachiwa huru. Inasimuliwa kwamba Jaji Hawkins alimsifu kiasi cha kumshauri awe mwanasheria. Watu wakatoka na hitimisho ambalo hata leo tunalisikia kila mtu mkubwa anaposhinda kesi: ameshinda, basi ni msafi. Lakini mahakama ikimwachia mtu inasema upande wa mashtaka haukuthibitisha. Haimpi cheti cha uaminifu. Bottomley alikitumia kama cheti kwa miaka 30.

Baada ya hapo dhahabu ikagunduliwa kwa wingi Australia Magharibi, naye akaanzisha kampuni za migodi moja baada ya nyingine. Mgodi ukifa hakuutangaza umekufa. Aliita wenye hisa akawaambia kampuni "inaundwa upya": ongezeni kidogo, mpate hisa katika kampuni mpya, la sivyo mlichoweka kwanza kinapotea. Kama umewahi kuwa na ndugu mwenye bodaboda mbovu unajua wimbo huo. Umeshatoa laki tatu za injini, sasa anaomba elfu themanini za kabureta, na unatoa, si kwa sababu unaamini bodaboda, bali kwa sababu hutaki laki tatu ziende bure.

Fedha zilimpendeza na yeye alizipenda. Alikuwa na jumba Sussex, farasi wa mashindano, shampeni tangu asubuhi. Kuna kisa kinachosimuliwa mno, sitakuapia kwamba ni cha kweli chote: eti katika mashindano fulani ya farasi huko Blankenberghe, pwani ya Ubelgiji, farasi wote sita walikuwa wake, akawapanga waendeshaji nani aingie wa kwanza, nani wa pili, hadi wa mwisho, akacheza kamari kwa mpangilio huo. Katikati ya mbio ukungu ukaingia kutoka baharini. Waendeshaji hawakuonana. Wakaingia ovyo ovyo, na tajiri akapoteza fedha kwenye mashindano aliyokuwa ameyanunua mzima.

Mwaka 1906 yalitokea mambo mawili. Alichaguliwa mbunge wa Hackney Kusini, na akaanzisha jarida la kila wiki, John Bull. Jina hilo ni la yule Mwingereza wa katuni, mnene, mkali, mzalendo. Jarida lilijitangaza kwa maneno ambayo kwa Kiswahili tungesema: ukilisoma ndani ya John Bull, ndivyo lilivyo. Lilikuwa na uchokozi, vichekesho, mashindano ya zawadi, na hasira za mtu mdogo dhidi ya wakubwa. Lililipua mashirika yanayonyonya wateja. Watu wakalipenda kwa dhati, nami sioni haya kusema kwamba sehemu ya kazi yake ilistahili kupendwa. Ndiyo sababu lilikuwa hatari. Mtu ambaye kila Jumamosi anakutetea dhidi ya matapeli, siku akikuletea mpango wa fedha utauchunguza kwa macho gani? Kabla mwaka wa pili wa jarida haujaisha tayari kulikuwa na John Bull Investment Trust, mfuko wa uwekezaji wenye jina lile lile wasomaji waliloliamini.

Mwaka 1912 alifilisika tena, safari hii kwa madeni ya zaidi ya pauni 200,000, baada ya familia ya mzee mmoja, ambaye Bottomley alimkamua akiba ya maisha, kumshinda mahakamani. Sheria haikumruhusu mufilisi kukaa bungeni, akajiuzulu. Kwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo. Kwake ilikuja vita.

Kuanzia 1914 Bottomley alizunguka Uingereza akihutubia. Alikuwa msemaji wa ajabu, sauti nzito, mwili mfupi na mnene, anajua lini anyamaze. Kwenye mikutano ya kuwaandikisha vijana jeshini hakudai malipo. Kwenye mihadhara yake ya kizalendo alichukua sehemu ya viingilio, na viingilio vilikuwa vingi. Magazeti yakamlipa vizuri kwa safu za kila wiki. Vita ilipoisha alikuwa shujaa wa askari wa kawaida. Akamalizana na wadai wake, na Desemba 1918 watu wa Hackney Kusini wakamrudisha bungeni kwa kura za kishindo, bila chama.

Sasa tunafika kwenye swali la yule mama.

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilikuwa na madeni ya vita hadi shingoni. Ikatoa Hati Fungani za Ushindi, zenye riba ya asilimia 4. Ziliuzwa kwa pauni 85 kwa kila hati ya thamani ya pauni 100, na kila mwaka baadhi zilichaguliwa kwa kura na kulipwa thamani yake yote. Hati ndogo ilikuwa ya pauni 5. Kwetu leo pauni 5 ni kikombe cha kahawa London. Kwa kibarua wa 1919 ilizidi mshahara wa wiki nzima. Askari aliyerudi kutoka mahandakini alitaka kuikopesha nchi yake, na mlango ulikuwa juu kidogo ya kimo chake.

Bottomley akauwekea mlango huo ngazi. Ndani ya John Bull alitangaza Klabu ya Hati Fungani za Ushindi. Unaweka pauni moja tu. Klabu inakusanya za watu wote, inanunua hati za serikali. Riba haigawiwi vipande vipande. Inawekwa pamoja na kuchezeshwa kama zawadi kila mwaka. Ukishinda unapata donge nono. Usiposhinda hujapoteza, kwa sababu pauni yako iko pale pale na unaweza kuidai.

Hesabu yake inakubali. Tuseme zimekusanywa pauni 500,000. Kwa bei ya 85 zinanunua hati za thamani ya takriban pauni 588,000. Riba ya asilimia 4 ni kama pauni 23,500 kwa mwaka. Hizo zinatosha zawadi za kuvutia, na mtaji haujaguswa. Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha nne akague, ataipitisha.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu watu wengi huuweka mpango huu kapu moja na ule wa Charles Ponzi, ambaye mwaka 1920 pale Boston aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45 na kuwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata. Havifanani. Mpango wa Ponzi haukuwezekana hata kama angekuwa malaika. Wa Bottomley uliwezekana kabisa. Onyo ambalo sote tumelikariri, kwamba ukiahidiwa faida kubwa mno ukimbie, lisingemnasa. Hakuahidi faida kubwa. Aliahidi fedha yako irudi, na bahati juu yake.

Tena wanachama hawakuwa walafi, kama tunavyopenda kuwasema walioibiwa ili tujione sisi werevu. Walitaka kuikopesha serikali yao pauni moja kupitia kwa mtu waliyemwamini.

Barua zikamiminika ofisini na fedha ndani. Makarani hawakutosha, nyingine ziliandikwa, nyingine hazikuandikwa. Na katika msingi wa klabu kulikuwa na jambo moja dogo ambalo wasomaji wa John Bull hawakulipa uzito: mdhamini alikuwa mmoja, naye ni Bottomley. Hapakuwa na wa pili wa kutia sahihi, wala mkaguzi wa maana wa hesabu. Kijumbe ndiye huyo huyo mwenye daftari, mwenye kufuli, mwenye gazeti linalotangaza mchezo, na mwenye kujibu barua za malalamiko.

Fedha za klabu zilikwenda wapi? Sehemu ilinunua hati kweli. Sehemu ilinunua magazeti mawili, National News na Sunday Evening Telegram, ambayo yalikula hasara. Sehemu ililipa madeni yake. Na sehemu, usicheke, ilinunua nyambizi. Ilikuwa nyambizi ya Wajerumani iliyoitwa Deutschland, iliyosalimishwa kwa Waingereza vita ilipoisha. Akaizungusha bandarini ili watu walipe kiingilio kuingia tumboni mwake. Hati za Ushindi za askari wa miguu ziligeuka kiingilio cha kutazama chombo cha adui.

Mwanachama angejuaje? Asingejua. Mradi wanaodai ni wachache na wanaoleta ni wengi, daftari linaonekana zima. Wadai walipoongezeka, akaanzisha klabu nyingine, akawashawishi watu wahamishe michango yao kwenye hati fungani za Kifaransa. Ukihamisha maji kutoka ndoo kwenda ndoo, nani atakumbuka ilikuwa na lita ngapi?

Aliyemwangusha hakuwa polisi wala benki wala gazeti kubwa. Alikuwa Reuben Bigland, mchapishaji wa Birmingham na rafiki wa zamani. Walikosana, na sababu inachekesha kuliko nyambizi: Bigland alikuwa amevutiwa na mtu aliyedai anaweza kugeuza maji kuwa petroli, akaomba Bottomley aweke fedha, Bottomley akakataa. Tapeli akakataa kutapeliwa, ikamponza. Mwaka 1921 Bigland alichapisha kijitabu kilichotangaza kuanguka kwa Bottomley na kuiita klabu ile utapeli wake wa karibuni zaidi na mkubwa kuliko wote. Bottomley akampeleka mahakamani. Kesi zikaporomoka, Bigland akatoka huru, na maswali yaliyoulizwa mle ndani hayakuweza kurudishwa kwenye chupa.

Mei 1922 ilikuwa zamu yake kizimbani, kwa kugeuza fedha za watu kuwa zake. Mzee wa miaka 62, mwili umemchoka. Alikuwa ameombewa ruhusa ya ajabu: kila asubuhi saa tano na nusu mahakama ilisimama kwa dakika 15 apate dawa yake. Dawa yenyewe ilikuwa shampeni. Mwendesha mashtaka, Travers Humphreys, alisema baadaye kwamba si yeye aliyemwangusha Bottomley, ni pombe. Mimi naona daftari lilisaidia pia. Alipatikana na hatia katika mashtaka 23 kati ya 24, akafungwa miaka 7. Agosti mwaka huo Bunge likamfukuza.

Gerezani aliwekwa kushona mifuko ya posta. Mgeni mmoja, inasimuliwa, alipita akamwona na sindano, akamuuliza: "Bottomley, unashona?" Naye akajibu: "Hapana, navuna." Kwa Kiswahili utani unapotea njiani, kwa Kiingereza kushona na kupanda mbegu hutamkwa sawasawa. Yote aliyoyapanda, yuko hapo anayavuna, sindano mkononi.

Alitoka 1927. Akajaribu jarida jipya, halikusimama. Mwaka 1932 alipandishwa jukwaani kwenye ukumbi wa Windmill, London, awasimulie watazamaji maisha yake katikati ya vichekesho na wacheza ngoma. Mei 1933 akafa, maskini.

Wazo lake halikufa. Mwaka 1956 Harold Macmillan, aliyekuwa waziri wa fedha, alitangaza kwamba serikali ya Uingereza itauza hati za akiba za pauni moja moja, bila riba ya moja kwa moja. Riba itakusanywa na kuchezeshwa kama zawadi, na mtaji wa kila mtu utabaki salama. Kura ya kwanza ilichezeshwa Juni 1957 kwa mashine iliyopewa jina ERNIE. Mamilioni ya Waingereza wanazo hati hizo hadi leo. Ni klabu ya Bottomley ile ile, pauni moja ile ile. Kilichobadilika ni kijumbe.

Niliporudi kuchukua suruali nilimweleza yule mama yote haya, akisikiliza huku akitoa nyuzi kwenye pindo. Nikamwambia kwetu hati fungani ya mtu huandikwa kwenye akaunti yake Benki Kuu. Tanzania utaipata kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na kiwango cha chini ni shilingi milioni moja. Kikundi nacho kinaweza kuwa na akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Hivyo swali la kama hati ni ya serikali si la kwanza.

"La kwanza ni lipi?"

"Imeandikwa jina la nani."

Akasimamisha cherehani. Akafungua kopo la vifungo, akachimbua chini, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mhuri wa kikundi, maneno "mchango wa hati fungani", kiasi, na sahihi moja. Aliitazama mbele, akaigeuza akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Kisha akaikunja tena mara nne, akaniambia suruali ni elfu tatu, na akaanza kutafuta namba ya mwenyekiti kwenye simu.